Afande wa Taifodi

Mara ya kwanza kupigiwa saluti maishani mwangu nilikuwa nyuma ya usukani wa lori, nimebeba saruji kutoka Hima, na sijawahi kushika bunduki hata ya kuchezea. Ilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, mbele kidogo ya njia panda ya Kikorongo ukielekea Bwera, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Askari alisogea dirishani akiwa amekunja uso, akafungua mdomo aniamrishe kuzima gari, kisha akaniona vizuri. Akaona tumbo limeegemea usukani. Akaona uso uliojaa, umevimba chini ya macho. Akaona koti zito la kijani limefungwa vifungo mpaka kidevuni, saa sita mchana, kwenye joto la kwetu ambalo hata mbuzi hulikimbia. Nikamwambia, "Habari ya kazi," na sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya polepole, sauti ya mtu asiyezoea kuulizwa maswali.

Akagonga visigino. "Jambo, afande! Pita, afande!"

Nikapita. Nilicheka peke yangu mpaka mpakani Mpondwe, na nilipofika nikakuta mashavu yananiuma.

Niseme ukweli, tumbo lile lilinipa vyeo vitatu ndani ya mwaka mmoja. Kwenye stendi ya malori Kasese waliniita Bosi. Msikitini wakaanza kuniita Hajji, na mimi upande wa mashariki sijawahi kuvuka Jinja. Sasa nikawa Afande. Sikukataa hata kimoja. Kwenye arusi nilikuwa naletewa kiti chenye mto, na nilitiwa kwenye kamati tatu za arusi bila kuulizwa, kwa sababu kamati isiyo na mtu mwenye tumbo haiaminiki. Mama mkwe wangu, anayekaa Kitswamba, alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani akamshukuru Mungu kwa kumpa binti anayejua kupika. Mke wangu naye alikuwa akipita mbele yangu sokoni kwa maringo, amsikie kila mwanamke akisema, "Kweli unamtunza." Na mimi niliringa pia, kwa nini nifiche.

Koti lilikuwa na sababu yake. Nilikuwa nasikia baridi. Mtu wa Kasese kusikia baridi ni jambo la kuchekesha. Baridi yetu iko juu mlimani kwenye theluji na huko inabaki. Lakini mimi nilikuwa natetemeka saa nane mchana. Lile koti nililinunua kwenye mitumba Bwera, na halikuwa la jeshi hata kidogo. Ndani ya kola kulikuwa na kibandiko chenye picha ya samaki. Lilikuwa koti la wavuvi wa nchi za baridi, na mimi nikalivaa chini ya jua la Kasese mpaka nikapata cheo.

Halafu kulikuwa na usingizi. Nililala kwa kinyozi. Nililala kwenye hotuba ya Ijumaa, ingawa hapo sikuwa peke yangu. Siku moja nililala nimeshika chapati iliyokunjiwa mayai, nikaamka bado nimeishika, imepoa. Nywele zilikuwa zinapukutika, ngozi imekauka mpaka ninapojikuna unga unadondoka. Yote hayo niliyaita kazi nyingi.

Kisha pale msikitini ikaja siku ya kupimwa bure. Wahudumu wa afya walipanga meza uani, na mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaniomba nifungue koti. Akanipapasa shingo, akanipa maji, akasema, "Meza, Hajji." Nikameza. Akaandika kwenye karatasi ndogo, akanikabidhi, akasema, "Inaweza kuwa tairodi. Enda hospitali upimwe damu."

Hivyo ndivyo alivyosema yeye. Sikio langu lilisikia taifodi.

Na nani Kasese hajawahi kuugua taifodi? Ukiumwa kichwa ni taifodi, ukichoka ni taifodi, ukigombana na mke ukakosa hamu ya kula, jirani atakuambia ukapime taifodi. Nilifurahi karibu nimkumbatie yule mama. Nilikunja karatasi, nikaichomeka kwenye kinga ya jua ya lori, juu kabisa ya kichwa changu, na sikuifungua tena. Sikwenda hospitali. Nilikwenda kwenye kliniki moja ya chumba kimoja nikamwambia mwenye kliniki kwa kujiamini, "Nina taifodi, nichome." Mteja aliyekuja na jibu lake mkononi huwa haulizwi sana. Akanichoma.

Nilichomwa siku saba, upande huu na upande ule. Niliendesha lori nimekalia tako moja kwenda Bwera na tako la pili kurudi. Baada ya mwezi nikaona baridi iko palepale, nikasema taifodi imerudi, nikachomwa tena. Ikarudi mara ya tatu. Nilianza kuizungumzia kama mtu anavyomzungumzia shemeji asiyeaga.

Sasa nije kwenye siku ambayo sikucheka.

Tulikuwa wawili kwenye lori, mimi na mke wangu. Alikuwa anakwenda soko la Bwera kuchukua vitenge kwa wanawake wa Kongo, biashara yake tangu kabla sijamwoa. Kizuizini nilipigiwa saluti, naye akajiziba mdomo kwa hijabu asicheke mbele ya askari. Tukaendelea. Barabara pale imenyooka, nyasi za mbuga huku na huku, na yeye alikuwa ananisimulia habari ya arusi fulani ambako pilau iliungua. Namkumbuka akisema, "Basi yule mpishi..." Sikumbuki mpishi alifanya nini.

Nilichosikia baadaye ni kelele yake. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, analiita jina langu. Lori lilishatoka barabarani, likapita kwenye nyasi polepole, likapanda kichuguu, likasimama pua juu. Ngiri wawili walisimama wakatutazama, mikia wima. Nikafungua macho nikauliza, "Tumefika?"

Mpaka leo watoto wangu wakitaka kunitania huniuliza, "Tumefika?" Lakini siku ile mke wangu hakuwa na utani. Midomo yake ilikuwa myeupe. Aliinama akachomoa ufunguo, akakaa nao kwenye kiganja, akalia bila sauti. Nilikuwa nimebakiza kidogo nimuue, na mimi mwenyewe nisingejua. Hofu iliyonipata pale sijaipata tena. Niliona aibu hata kumgusa bega.

Jioni nyumbani nilijitetea. Nikasema ni hii taifodi tu, nikichomwa duru moja zaidi itakwisha.

"Ssebo," akasema, yaani bwana, na akiniita hivyo kwa upole najua mambo yameharibika, "mtu wa taifodi anaungua. Wewe uko baridi. Nalala na miguu ya maiti kitandani mwangu. Sijui unaumwa nini, lakini huo si moto." Akautia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni, ukazama ndani ya hijabu. "Siku nitakayokuona unatoka jasho, nitakupa."

"Jasho tu?"

"Jasho tu. Mwaka mzima sijaliona."

Nikafikiri. Kweli, mwaka mzima, Kasese, na sikuwahi kufuta paji la uso.

Lori nani angeliendesha? Yeye. Hapa ndipo watu wa stendi walipopata habari ya kuwatosha mwezi. Walikuwa hawajui kwamba baba yake ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha lori, na kwamba binti yake alikuwa ameshajua kabla yangu. Permiti yake ya udereva ilikuwa kwenye sanduku, chini ya nguo za Idd. Niliiacha humo miaka yote kwa kiburi changu, nikijifanya nimesahau. Sasa akapanda, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo, akaliondoa lori nyumbani kwetu Bulembia kwa ulaini ulionichoma roho. Gia zangu zilikuwa zinalia. Zake hazikulia.

Nilidhani kizuizini ndipo heshima yangu itakapokwisha. Wapi! Askari alimwona mwanamke kwenye usukani na mimi nimekaa upande wa pili, koti mpaka kidevuni, macho nusu yamefumba. Akasimama wima kuliko siku zote. Alishaelewa: mkubwa sasa ana dereva. "Jambo, afande!" Nikainua kidole kimoja. Mke wangu alishindwa kuingiza gia kwa kicheko alichokizuia, lori likazimika mbele ya askari, na askari akaomba radhi yeye.

Wiki chache baadaye tulikuwa tunarudi kutoka Bwera na abiria mmoja. Ni mama wa Butembo, upande wa Kongo, aliyekuwa akimuuzia mke wangu vitenge, mwanamke mnene mchangamfu, rozari shingoni, ambaye alikuwa na mzigo wa kufikisha Kasese. Alikaa katikati yetu. Jua lilipomchoma macho akanyoosha mkono kwenye kinga ya jua, akaishusha, na karatasi yangu ikamdondokea mapajani. Akaifungua. Wenye kusoma hawawezi kuona karatasi wakaiacha.

"Nani iko mugonjwa ya tiroide?" akauliza.

"Ni taifodi, mama," nikamwambia. "Imeshachomwa mara tatu."

"Apana! Tifoide iko mu tumbo. Hii bameandika tiroide. Tiroide iko mu shingo!" Akaniwekea karatasi puani. "Ona, weye mwenyewe. Beko majina karibu moja, lakini kila mutu na nyumba yake!"

Niliitazama karatasi. Herufi zilikuwa zilezile zilizokaa juu ya kichwa changu miezi yote ile, Hima mpaka Mpondwe, Mpondwe mpaka Hima. Mama hakungoja ruhusa. Akanifungua vifungo viwili vya koti, akanishika shingo kwa vidole vya mtu aliyezoea kupima kitambaa. "Meza mate." Nikameza. "Eee! Iko! Inapanda, inashuka! Dada yangu alikuwaka nayo. Kule mu milima yetu batu bengi beko nayo."

Mke wangu alisimamisha lori palepale. Akapitisha mkono mbele ya mama, naye akanishika shingo. "Meza tena." Nikameza tena. Kinywa kilishakauka lakini nilimeza. Gari la nyuma yetu lilianza kupiga honi. Mke wangu alinitazama, akautazama ule mkao wangu wa tako moja ambao ulishakuwa tabia.

"Yaani," akasema taratibu, "umechomwa matako kwa ugonjwa wa shingo?"

Akacheka. Tangu siku ya kichuguu hakuwa amecheka nje kwa nje. Mama wa Butembo akacheka akipiga dashibodi, mimi nikacheka mpaka nikakohoa, na yule wa nyuma akatupita akitutukana kwa Lhukonzo, tukazidi kucheka.

Kesho yake nilikuwa hospitali. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, nikamuuliza ananishonea nini, yeye akaandika nambari. Akapima presha, akanidunga kidole kutafuta sukari, akatoa damu mirija miwili ikapelekwa kupimwa Kampala. Majibu yaliporudi alitukalisha wote wawili.

Alisema tezi ya shingoni ndiyo inayoamua mwili uende kwa mwendo gani, na yangu ilikuwa imelala. Ubongo ukiona tezi imelala huipigia kelele, na kelele hiyo huonekana kwenye damu kama nambari. Tezi ikizidi kulala, nambari huzidi kupanda. Yangu ilikuwa juu sana.

"Ni kama mimi na yeye kwenye usukani siku ile," mke wangu akasema. Daktari akamtazama kwa heshima kuliko alivyonitazama mimi.

Kisha akaja kwenye tumbo. Alisema kuna mambo matano ambayo hupenda kutembea pamoja: kiuno kikubwa, presha, sukari, mafuta mabaya kwenye damu kuwa mengi, na yale mazuri kuwa machache. Ukiwa na matatu, umeshaingia kwenye kundi la watu ambao moyo wao uko hatarini na kisukari kinawanyemelea. Tezi ikilala, mafuta hubaki kwenye damu, presha hupanda, sukari hukosa pa kwenda, na kundi lote hupata nafasi. "Wewe una manne," akasema.

Nikamuuliza kama nimeshachaguliwa mwenyekiti. Ni mazoea ya kamati tu. Mke wangu alinikanyaga mguu.

Lakini nilijaribu kumbebesha tezi lawama yote, daktari akakataa. Akaniuliza nakunywa soda ngapi njiani. Nikasema moja. Mke wangu akasema nne. Akaniuliza natembea kiasi gani. Nikasema mimi ni mtu wa barabara. "Lori ndilo linalotembea," akasema daktari. Akaniambia tezi imefungua mlango, ila waliopanga viti ndani ni mimi na soda zangu.

Nilipewa kidonge kidogo kuliko punje ya mtama, kila alfajiri, tumbo likiwa tupu, na chai ingoje saa nzima. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka nitakapozikwa. Nikaambiwa nitembee kila siku, soda zikome, chapati zipungue, na nirudi kupimwa. Nikauliza lini nitatoka jasho. Daktari aliniuliza kwa nini. Mke wangu akautoa ufunguo hijabuni akamwonyesha, na yule mtu wa maneno machache akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Wiki za mwanzo hazikuleta kitu. Nilitembea Bulembia nzima asubuhi nikiwa na koti, mbwa wakanibwekea. Halafu Ijumaa moja nikajikuta niko macho hotuba nzima, na nikagundua kwamba sheikh wetu anaongea maneno mazuri sana. Nilikwenda kumpongeza, akafikiri ni hotuba mpya. Sauti ikaanza kurudi. Uvimbe wa uso ukashuka, nikapata tena macho mawili. Mkanda ukarudi tundu moja, la pili, la tatu.

Vyeo navyo vikaondoka kimoja kimoja. Bosi ilikufa kwanza. Kamati za arusi zikaacha kunialika. Watu wa stendi waliniangalia kwa huruma, wakanong'onezana, kwa sababu kwetu mwanamume akipungua ghafla watu hutaja ugonjwa mmoja tu. Mama mkwe alituma kuku wawili wakiwa hai na ujumbe kwa binti yake: amefanya nini na yule mume mzuri aliyempa? Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa naamka asubuhi naimba bafuni. Nambari ya kelele ilishuka, mafuta yakashuka, presha ikashuka na kubaki juu kidogo. Daktari alisema kundi limebaki na wanachama wawili.

Jasho tu ndilo lililokataa. Nilijaribu kulidanganya. Nilijinyunyizia maji shingoni nikapita mbele ya mke wangu nikihema. Alinusa. "Maji ya bomba," akasema, akaendelea kukunja vitenge.

Basi siku moja tulikuwa tunapeleka saruji Bwera, yeye kwenye usukani, mimi upande wa pili, koti nimelikunja chini ya kiti. Kizuizini alikuwepo yuleyule askari wa saluti. Alitutazama. Akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, mtu mwembamba mwenye fulana. Aliona utingo tu, hakuona kitu cha kumfanya agonge visigino.

"Wewe tandiboi! Toka! Fungua nyuma! Hii mifuko, sogeza yote, nataka kuona chini!"

Nikashuka mbio. Nikafungua nyuma, nikaanza kuhamisha mifuko ya saruji, huu huku, ule kule, vumbi linanijaa nywele na uso. Askari alisimama kivulini na bunduki yake.

"Kuna afande ilikuwa inapita na hii gari," akasema. "Iko wapi?"

"Walimhamisha," nikamwambia.

"Ile ilikuwa mukubwa kabisa," akasema kwa masikitiko. "Ilikuwa haisemi mingi."

Kutoka mbele nilisikia mke wangu akijikohoza. Nikainama kubeba mfuko mwingine, na kitu kikaniwasha juu ya nyusi. Kikateremka. Nikafikiri ni nzi. Nikapangusa, kidole kikarudi kimelowa. Nikapangusa tena. Mgongo ulikuwa umelowa, makwapa yamelowa, fulana imenishika. Jua la kwetu lilikuwa limenipata, jua lilelile, na nilikuwa naungua vizuri kabisa.

"Joto!" nikapiga kelele. "Mama watoto! Nasikia joto!"

"Unacheka nini wewe?" askari akauliza, akashika bunduki vizuri.

"Afande, nasikia joto!"

Mke wangu alishazima gari na kushuka. Alikuja akasimama chini, akanitazama pale juu. Saruji ilikuwa imenipaka uso wote, na jasho lilikuwa limechora mistari kutoka kwenye paji mpaka kidevuni. Hakuhitaji kunusa. Alipanda gurudumu, akanipangusa mstari mmoja kwa ncha ya hijabu yake, akaitazama ncha ile. Macho yake yalijaa. Kisha akaniwekea ufunguo kwenye kiganja chenye vumbi.

Askari alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Muko watu ya wapi nyinyi?" akasema. "Pita! Pita, pita!"

Nikapanda. Nikarudisha kiti nyuma, nikarekebisha kioo, gia ya kwanza ikalia kama zamani, naye akanionya kwa jicho. Madirisha yote yalikuwa wazi. Akaanza kunisimulia tena ile arusi ya pilau iliyoungua, maana sikuwahi kusikia mwisho wake, na mimi nikasikiliza huku macho yakiwa barabarani. "Basi yule mpishi," akasema, akanyamaza. Nikangoja.

Tulikuwa tunapita kwenye kichuguu chetu. Nikageuka kumwonyesha. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea mlango, mdomo wazi kidogo, amelala. Sikumwamsha, na habari za mpishi nilizipata jioni.